Lastiki ya Asilimia

Lastiki ilivutwa kutoka sakafuni hadi utosini mwa mtoto mfupi kuliko wote darasani, naye akabana pumzi asije akaharibu vipimo.

"Goti lake liko asilimia ngapi?" mwalimu akauliza.

"Arobaini!" wakapiga kelele timu ya dirishani.

"Thelathini!" wakajibu wa mlangoni. Mwalimu akainama, akasoma mistari aliyoichora mwenyewe, sifuri hadi mia, kwenye kipande cha nusu mita alichonunua kwa fundi cherehani. Ishirini na nane. Timu ya mlangoni ikajipigia makofi. Watoto walikwisha kuelewa uzuri wa mchezo: lastiki ikivutika, mistari huvutika nayo, na mia ni chochote ulichoamua kukiita kizima.

Mwalimu alicheka nao, lakini moyo haukuwa pale. Mezani kulikuwa na orodha ya watakaorudia darasa, na mwalimu mkuu aliitaka kabla ya kengele ya mchana. Aliyekosa hamsini katika hesabu angerudia, isipokuwa mwalimu wa somo aandike kwamba anapanda. Wawili, mmoja wa thelathini na nane na mwingine wa arobaini na mbili, alikwisha kuwaandikia. Wa tatu, aliyepata arobaini, alimwacha bila neno. Huyo alikuwa binti yake wa kumzaa.

Hakutaka kusikia watu wakisema anapendelea damu yake. Jana nyumbani alimwambia binti, "Arobaini! Hata nusu hujafika," na binti akamaliza chakula chake bila kuinua macho. Mama mtu alijiona mwadilifu. Usingizi, hata hivyo, ulimpaa.

"Sasa kila timu itoe swali lake," akasema.

Binti akanyanyuka kutoka timu ya dirishani, akachora ubaoni mstari wa urefu wa mkono, na chini yake mwingine, mara mbili ya ule. Pembeni akaandika ishirini na arobaini.

"Hizi ni alama zangu," akasema. "Muhula uliopita na muhula huu. Nimepanda kwa asilimia ngapi?"

"Ishirini!" darasa zima likajibu, na mwalimu mwenyewe nusura aitikie.

Binti hakubishana. Akamwomba jirani yake ashike ncha moja ya lastiki, akaivuta juu ya mstari mfupi hadi mia ikakaa mwishoni. Kisha wakaihamisha vilevile ilivyovutwa hadi kwenye mstari mrefu, wakaiweka sifuri yake pale mfupi ulipoishia. Ikafika mwisho barabara.

"Alama nilizoanza nazo ndizo kizima changu," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeongeza mia."

"Mia gani, na wewe una arobaini?" mmoja akadakia, wakacheka. Binti akageuka. "Mama... samahani, mwalimu. Nimekosea?"

Mwalimu aliutazama ubao. Mwaka mzima alimpima mtoto huyu kwa mia ya watu wengine, na wala si kwa kutojua hesabu. Aliona aibu, tena mbele ya watoto arobaini.

"Hujakosea," akasema. "Timu ya dirishani, pointi mbili."

Kengele ilipokaribia alikuwa ofisini. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaipitia orodha, kidole kikasimama kwenye jina la mwisho. Kando yake wino ulikuwa haujakauka: *anapanda*.

"Huyu si mwanao?"

"Ni mwanafunzi wangu."

"Watu watasema, mwalimu. Unawajua."

"Nawajua." Akashika ukingo wa meza. "Ni mwanafunzi wangu," akarudia, "na ni mwanangu."

Mwalimu mkuu akaondoa kidole kwenye jina bila kulikata, akavuta kiti na kumwonyesha aketi.