Tunzo ya Bi Winifred

Mwanamke wa kwanza kuniliza kwa wimbo hakuwa akiimba. Mdomo ulikuwa wake, machozi yalikuwa yake, na lile gauni lililomwagika ngazi nzima lilikuwa lake, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Nilikuwa mtoto, nimebanwa baina ya mabuibui mawili, la mama na la shangazi yangu, katika onyesho la wanawake la Jumapili mjini Unguja. Filamu ilikuwa ya Hollywood, ya nyimbo na ngoma. Ukumbi mzima ulikuwa unapenga kamasi. Shangazi, ambaye alikuwa mwimbaji wa taarabu, akaninong'oneza: "Huyu haimbi. Tazama koo lake, limetulia kama la mtu anayekunywa uji." Waliokaa nyuma wakamwambia aache husuda yake. Muda si muda wimbo ule ukatiwa maneno ya Kiswahili, ukawa hauna harusi usioingia, na mimi nikakua nikiamini kwamba shangazi alikuwa na kijicho.

Sikuja Uingereza kukogesha wazee wa watu. Lakini mchagua jembe si mkulima, na mwaka wa tisini na saba mume wangu Soud hakuwa na kazi tangu kiwanda chao kifungwe. Nyumba nzima ilinitazama mimi. Kampuni ya kuhudumia wazee majumbani ikanipeleka Harrow, pembeni mwa London, kwa bibi mmoja wa Kiingereza aitwaye Winifred, mrefu, mkavu, mkaidi, ambaye mkate wake lazima uungue ndipo aule. Jina langu Jokha lilimshinda, akawa ananiita Joka. Nikamweleza kwamba kwetu joka ni nyoka mkubwa mno. Alicheka mpaka meno ya bandia yakamcheza, na tangu siku hiyo akaniita hivyo makusudi. Nilimpenda kwa hilo.

Alikuwa na neno lake moja, hulisema anapofungwa vifungo: "Mimi nimeimba Hollywood, Joka." Mpwa wake Pamela, mwanamke mwema lakini mwenye haraka siku zote, alinivuta jikoni wiki ya kwanza. "Usimfuatishe," aliniambia. "Amerika alikwenda, ni kweli, lakini alikuwa akipiga taipu. Mengine ni uzee." Nikasadiki. Nimewaona wazee wengi waliowahi kuwa marubani na wachumba wa wana wa wafalme.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua, tukawa tunatazama televisheni. Kulikuwa na kipindi juu ya filamu za zamani, na filamu ya siku hiyo ilikuwa ile ile yangu. Wakaletwa waliokuwa wameitengeneza, wazee watupu: mshonaji wa magauni, mpigapicha, mwalimu wa ngoma. Kila mmoja akasifiwa na kujisifu. Bi Winifred aliwatambua wote. "Yule alikuwa bahili wa sigara," alisema. "Na huyo mshonaji, alidunga watu sana na pini zake." Halafu wakaonyesha ngazi na gauni, na wimbo ukaanza.

Bi Winifred akafungua mdomo.

Sauti ilikuwa imechakaa, siwezi kukudanganya, lakini ilikuwa ile. Ilivuta pumzi pale pale, ikalizuia neno la mwisho kidogo kabla ya kuliachia, kama mtu asiyetaka kufunga mlango. Na koo lake, masikini, lilikuwa linafanya kazi. Nywele zilinisimama. Nilimwomba shangazi msamaha palepale, naye yuko kaburini miaka ishirini.

Wimbo ulipokwisha nikamwuliza, naye akanieleza kama anayesimulia habari za hali ya hewa. Walimfungia katika chumba kidogo chenye kioo, akaimba bila viatu kwa sababu viatu vyake vililia. Yule nyota alikuja kusimama upande wa pili wa kioo, amtazame anapopumua, ili ajue kuuchezesha mdomo. "Alikuwa msichana mzuri," alisema. "Aliniletea machungwa." Kisha wakamfanya atie saini kwamba hatasema, na jina lake halikuandikwa popote.

"Na watu walipopiga makofi?" nilimwuliza.

"Sikuwepo. Nilikuwa nimeshapandishwa meli kurudi London."

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tunavyosema. Huyu alikuwa amechezea dunia nzima na hakuna aliyemtunza. Kwetu mwimbaji akikukuna roho hukai kitini. Unainuka, unakwenda mbele kwa madaha, noti umeinyanyua juu kila mtu aione, unamtilia mkononi. Basi nikamwambia arudie ule ubeti wa mwisho. Nikatoa noti mkobani, nikajongea kwenye zulia lake huku nikiyumba, na aproni yangu ya plastiki ikichakarika, mpaka mbele ya kiti. Akaipokea bila kukatisha wimbo. Mikono yetu minne ilikuwa juu ya noti ile Pamela alipoingia na ufunguo wake.

Pamela aliona mtumishi, ajuza na pesa. Sikumlaumu sana.

Kesho yake msimamizi wetu akaniita ofisini. Bwana Rasik alizaliwa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha kuuza na kununua, lakini alipenda kukitumia nami.

"Mama Jokha, ile pesa ni nini?"

"Nilimtunza."

"Ndiyo, kazi yako ni kumtunza. Mimi nauliza pesa."

"Ndiyo nakujibu. Aliimba, nikamtunza."

Akayasugua macho yake kama aliyechoka. Nikamweleza desturi yetu, akasikiliza kwa adabu, na bado kanuni ilikuwa moja: baina yetu na wazee pesa haipiti, kwenda wala kurudi. "Mpwa wake hataki vita," alisema. "Tutakwenda pamoja. Sema noti ilikuanguka, yeye akaiokota. Uichukue, yaishe. Ukisema ulimpa, mimi siwezi kukusaidia tena."

Nikakubali. Sijioni shujaa, na Soud alikuwa nyumbani akisoma matangazo ya kazi ya juzi.

Njia nzima, ndani ya gari la Bwana Rasik, moyo haukutulia. Nimeona harusi zenye ugomvi, nimeona mawifi wakivuana kanga, lakini sijapata kuona mtu akirudisha mkono kuchukua tunzo aliyokwisha kuitoa. Kufanya hivyo ni kumwambia mwimbaji kwamba hakuimba.

Bi Winifred alikuwa kitini mwake, amevaa blauzi yenye kola. Pamela alisema taratibu, kama anayesema na mtoto: "Shangazi, ile noti ilimwanguka Jokha. Mrudishie."

Akatia mkono kifuani, akaitoa. Alikuwa ameiweka pale pale wanapoweka waimbaji wetu, na hakuna aliyemfundisha. Akaninyooshea. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikata maini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuzoea.

"Ni yako, Joka?"

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda. Nikaurudisha.

"Si yangu," nilisema. "Ni yako. Haikuanguka, nilikupa mimi, kwa sababu uliimba. Na katika filamu ile ni wewe uliyeimba. Niliisikia sauti yako utotoni, na jana nimeisikia tena."

Bwana Rasik akashusha pumzi. "Mama," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "unajua kazi huna?"

"Najua."

Pamela alinitazama, akamtazama Bwana Rasik aliyesimama mlangoni, akanigeukia tena. "Aliimba nini?" aliniuliza.

"Si mimi wa kuulizwa," nilimwambia. "Mwenyewe huyo hapo."

Akageuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama shangazi yake usoni. Bi Winifred aliikunja noti, akairudisha kifuani, akainyoosha kola yake.

"Izime hiyo hita, inanguruma," alimwambia mpwa wake. "Kisha ukae."