Swali la Nne

Kila muhula mpya nakalia kiti kile kile, nyuma ya maktaba, kuwapima Kiingereza wanafunzi wageni. Kundi A ni la wanaojimudu. Kundi C linaanzia "hii ni kalamu". Chumba kinanuka chaki na karatasi kuukuu, na harufu hiyo hunirudisha utotoni bila hata kubisha hodi.

Juzi aliingia binti wa miaka kumi na miwili, shangazi yake akabaki mlangoni. Aliyeuliza ni mwalimu mwenzangu, kijana mwenye haraka utadhani ameacha chungu jikoni. Maswali matatu binti aliyajibu vizuri. La nne, linalopima ukanushi, liliuliza kwa Kiingereza: "Je, huishi na mama yako?"

"Yes," akasema.

"Anafanya kazi gani?"

Binti akainamia viatu vyake.

"Haelewi huyu," mwenzangu akaninong'oneza, penseli yake imeshaandika C. "Atakaa na wadogo."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa na umri wake nilipoulizwa swali hilo hilo na Mwalimu Funguo, tuliyemwita hivyo kwa lile shada la funguo lililokuwa likimlia kiunoni. Nami nilijibu "Yes", maana kwetu ukiulizwa "Huishi na mama?" na kweli huishi naye, unajibu "Ndiyo". Ndiyo, siishi naye. Tulikuwa tumemzika mwezi ule. Kwa Kiingereza nilikuwa nimesema kinyume chake, na yeye akaniandika C. Mwaka mzima nikaimba alfabeti na vitoto, magoti yamebanwa na dawati. Dada yangu, aliyekuwa Kundi A, alinisubiri getini kila siku, na njia nzima akinifundisha aliyofundishwa. Kiingereza changu chote nimekiokota kwenye njia ile. Dada hayupo tena, na ningetoa chochote niitembee naye mara moja tu.

"Hebu subiri," nikamwambia mwenzangu. Nikamgeukia binti, nikauliza kwa Kiingereza cha polepole: "Mwanangu, unaishi na nani?"

"Na shangazi," akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka. "Mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Nimeshamwambia mwalimu kuwa siishi naye."

Mwenzangu akashika kifutio, akaifuta C mwenyewe, taratibu, haraka zote zimemwisha.

Mimi nilitazama dirishani. Na mimi nilikuwa nimeshamwambia wangu.