Katuni Kwenye Faili

Katuni ya Mwanatatu ilikuwa chini ya kiwiko cha afande Elkana, na ilishaingia doa la chai. Mwanatatu aliitambua pale pale alipoingia kituoni, hata hajaambiwa keti. Aliibandika mwenyewe kwenye kibanda chake cha mahamri huko Chaani, na tangu Jumapili ilikuwa imebanduliwa, asijue na nani.

Alikuja kuandikisha kauli. Ijumaa, lori la makontena lilimgonga mumewe, Tsofa, akienda zamu ya asubuhi kiwandani, naye yuko hospitali, lakini dereva wa lori mpaka leo yuko barabarani. Mwanatatu alitaka jambo moja tu: dereva yule afikishwe mahakamani.

"Nani alichora hii?"

"Ni mimi, afande." Alisema kwa fahari kidogo, Mungu amsamehe. Kila alichokiona barabarani mwaka ule wa themanini na tisa alikichora: mja mzito aliyengoja kuvuka mpaka akakaa chini, watoto wa shule waliotumbukia mtaroni kuipisha Benzi. Mtu alinunua hamri moja, akasimama kucheka mpaka chai ikapoa. Hii ya mezani ilionyesha wafanyakazi wakikimbia mbele ya malori, mmoja kiatu kimemchomoka, na chini yao ameandika: Mwenye nguvu mpishe.

"Huyu wa kiatu ni nani?"

"Mume wangu. Huvuka hivyo kila siku. Sote twavuka hivyo, hapana pahali pengine."

"Kila siku anakimbia mbele ya gari." Elkana aliandika polepole, akilitamka kila neno. "Na wewe bibi yake unajua."

"La, afande! Nimechora ubaya wa barabara, wallahi. Na nilichora kabla hajagongwa!"

"Hiyo ndiyo mzuri. Inaonyesha ni tabia yake."

Wenye lori walishapita hapo, alieleza, na karatasi hii ya katuni wameileta wao. Watu wastaarabu sana. Dereva hana kosa. Atakayeshtakiwa ni Tsofa, kwa kuvuka ovyo na kuvunja taa ya lori. Mwanatatu alimwogopa yule mtu, na zaidi akauchukia mkono wake mwenyewe uliochora.

"Weka sahihi hapa. Akitoka hospitali, aje kwa miguu yake. Tusisumbuke kumfuata."

"Mguu mmoja umekatwa, afande. Jana."

Elkana alifikiri kidogo.

"Basi aje na huo mwingine," akasema, akamsukumia kalamu.