Gari Lenye Mtu Halifungwi

Mimi kazi yangu ni kufunga magari pingu. Ukipaki mbele ya hospitali bila kulipa, nakuja na chuma changu cha manjano, nakibana kwenye gurudumu, na huondoki mpaka utoe faini. Nimetukanwa matusi yote unayoyajua na mengine usiyoyajua. Kuna mama mmoja alinitemea mate. Sawa tu, watoto wanakula.

Zamani watu walipaki bure kwenye uwanja wa ndani ya hospitali. Uwanja ule ukajengwa wodi za matajiri, wenye magari wakahamia barabarani, na barabarani bei ikapanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Watu wakagundua ujanja: gari lenye mtu ndani halifungwi, kampuni inaogopa kesi. Basi kila mgonjwa akawa anakuja na mtu wa kumkalia gari. Mashangazi, mashemeji, wajukuu, barabara nzima wanasinzia.

Mzee mmoja alikuwa anamkalia bintiye gari. Binti figo zote mbili zilishakufa, akisafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa, kwa saa nne nzima. Faini moja tu ingemkosesha kusafishwa mara moja. Kwa hiyo mzee hashuki, hata haja anabana.

"Bwana Pingu," aliniambia siku ya kwanza, "leo hunipati. Nipo, nimejaa tele."

"Sogeza gari, mzee, hujalipa."

"Sijui kuendesha, anaendesha binti. Lisukume wewe."

Nilicheka, jamani. Tangu hapo tukawa watani. Ila alikuwa hapendi kugongewa kioo akilala. Nilimgongea mara moja tu nione kama yuko macho, akanijia juu: "Sheria inataka mtu awepo, haijasema awe macho!" Nikamwomba radhi.

Ijumaa ile jua lilikuwa la kuchoma. Nilipita saa tano, nikamkuta kidevu kifuani, vioo amevipandisha kwa sababu ya vumbi. Saa sita, vilevile. Nikajisemea, mzee leo kachoka. Saa saba nilisimama kabisa, nikainua mkono nigonge, nikakumbuka alivyonifokea, nikaurudisha. Nikamwacha apumzike. Tena nikajiona muungwana.

Binti alitoka saa saba na nusu, bandeji mkononi, anatembea kwa kushika ukuta. Akafungua mlango.

"Baba. Baba, twende."

Kisha akapiga yowe.

Nilimbeba mzee mimi mwenyewe. Kutoka pale mpaka lango la hospitali hata hatua thelathini hazifiki. Daktari akamshika shingoni, akauliza amekuwa hivi tangu saa ngapi. Binti akasema hajui. Mimi nilijua, nikanyamaza.

"Mngemleta mapema kidogo tu," daktari akasema, akamfunika shuka usoni.

Nikarudi barabarani. Simu ikalia. Alikuwa msimamizi wangu, ambaye hukaa ofisini anaangalia kamera.

"Gari jeupe mbele ya lango, mbona hujalifunga?"

"Mzee aliyekuwa ndani amefariki, bosi. Sasa hivi."

"Kwa hiyo ndani hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Sasa unasubiri nini? Au kazi umeichoka, niitafutie mwingine?"

Nikalifunga. Sina cha kujitetea. Nililifunga huku machozi yananichuruzika, wapita njia wananitolea macho.

Binti alirudi jioni, amekumbatia viatu vya baba yake. Akaiona ile pingu. Nilijiweka tayari kwa matusi. Wallahi nilitamani anitukane, anizabe hata kofi, pengine ningepata mdomo wa kumwambia kwamba nilipita mara tatu. Akaitazama tu pingu, kisha akanitazama mimi.

"Nilipie wapi, kaka?"

Nikamwonyesha ofisi ilipo, nikamwambia awahi, wanafunga saa kumi na mbili.