Siku Saba za Mfereji

Mdogo wangu Silvester ni msomi wa maji. Usicheke. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani anajifunza kuchimba visima, nikasema afadhali, atatuchimbia na sisi kimoja. Akanicheka yeye. "Dada Evarista, sisomi maji yenyewe. Nasoma jinsi watu wanavyogawana maji." Ala! Kugawana maji nako kwa kusomea? Mzee Sedekia, msimamizi wa mfereji wetu, hajui hata kuandika jina lake, na miaka ishirini hakuna mtu aliyemwinulia mwenzake jembe kwa ajili ya zamu.

Sisi tuko bondeni, njia ya kwenda Kilolo. Kiangazi tunalima vinyungu, bustani za bondeni, mahindi na maharage na njegere. Ziko kumi na tisa, na mfereji mmoja unazinywesha zote. Ng'ambo ya kilima yupo Mzungu wa tumbaku, na tumbaku yake nayo ina kiu.

Mwaka wa 1956 Silvester, aliyesoma Tosamaganga akaenda kufundisha Mbeya, alipata kazi kwa mtafiti mmoja kutoka Ulaya. Sisi tulimwita Bwana Mfereji. Serikali ilitaka kujua kila mfereji una wenyewe wangapi, ili maji yanayobaki apewe mtu mwingine. Bwana mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa jambo na asante, kwa hiyo Silvester ndiye aliyekuwa masikio yake na mdomo wake. Kazi ikienda vizuri, Bwana angempeleka Makerere, na baadaye Ulaya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Siku saba mfululizo, kila asubuhi, atembee mfereji kutoka juu hadi chini, aweke alama kwenye karatasi: bustani ya nani imepata maji, ya nani haikupata. Mfereji wetu sisi ulipangiwa mwezi wa nane. Na baba yetu, mzee Edmund, akafariki wiki hiyo hiyo.

Sasa sikiliza. Kwetu bondeni mtu akifiwa, majirani wote huziba milango yao ya maji kwa udongo, siku saba, maji yote yaende kwa wafiwa. Wafiwa wamekaa chini, hawashiki jembe. Basi wakiinuka wayakute mahindi yao hai. Hakuna anayetumwa wala kuombwa. Marta, mjane jirani yetu, ndiye aliyeziba wa kwanza, na mahindi yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Na Silvester akainuka mkekani, msibani, na karatasi zake! Kila asubuhi. Nikamwambia, "Huna haya? Udongo wa baba yako haujakauka." Akasema Bwana ana tarehe zake. Akaenda, akaandika. Nyumba ya Edmund, maji. Nyumba nyingine kumi na nane, hakuna. Siku zote saba. Alijua fika kwa nini hakuna, maana alizaliwa hapa, lakini karatasi haikuwa na mahali pa kuandika kwa nini.

Mimi sikujua kitu mpaka mwezi wa tisa. Didas, karani wa boma, alinivuta kando baada ya misa. "Mama, mfereji wenu umeandikwa una mwenyewe mmoja tu, ninyi. Maji mengine yanahesabiwa hayana mtu. Anapewa yule wa tumbaku." Watu wametupa maji kwa msiba wetu, na sisi tunawalipa njaa!

Nikapanda basi kwenda Mbeya, kutwa nzima kula vumbi. Silvester alipanga chumba Iyunga. Akanipokea vizuri, "Kamwene, dada," akanipa chai na mkate. Nikamwambia lililonileta. Akasema, "Haya. Kesho nitakupeleka kwa Bwana, useme mwenyewe." Nilimwombea baraka mpaka nikapitiwa na usingizi.

Bwana alinipa kiti. Nikaeleza yote, msiba, udongo kwenye milango, mahindi ya Marta, nyumba kumi na nane. Silvester akatafsiri. Maneno yangu yalikuwa marefu na yake mafupi, nikadhani Kiingereza ndivyo kilivyo. Bwana akatabasamu, akanishika mkono, "Asante, asante." Nikatoka nalia kwa furaha. Nilipofika nyumbani nikawatangazia majirani kwamba yamekwisha, Bwana amesikia. Marta akanichinjia jogoo wake. Nikamla, Mungu anisamehe.

Mwezi wa kumi tukaitwa barazani. Bwana Mfereji alikuja na Bwana Shauri wa wilaya. Silvester alikaa nao mezani, tai shingoni, kwa hiyo aliyetafsiri siku hiyo alikuwa Didas.

"Bwana anasema," Didas akaanza, "kabla ya orodha kusomwa, anamshukuru Bibi Evarista, aliyesafiri mpaka Mbeya kumpa shukrani kwa kumpeleka mdogo wake Makerere. Anasema hajapata kuona dada mwenye upendo namna hii."

Kisha orodha ikasomwa. Ilikuwa na jina moja, la marehemu baba.

Marta alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Hakupaza sauti. "Kumbe ulikwenda kushukuru?"

Nikasimama. Silvester akaniangalia, na macho yalikuwa yale yale ya mtoto niliyembeba mgongoni mama akilima. Niliacha shule darasa la pili ili yeye aende. Nilijua nikisema, Makerere imekufa. Na nisiposema, nyumba kumi na nane zitakula nini? Nikasema. Nikasema kwa sauti kubwa, msiba na udongo na uongo wa Mbeya, na Didas akatafsiri neno kwa neno. Mzee Sedekia akasimama, "Kweli tupu!" Baraza zima likaitikia, kweli, kweli.

Bwana akakunja uso. Akamgeukia Silvester, akamuuliza jambo. Silvester akajibu kwa Kiingereza, taratibu, akitazama meza.

"Amesemaje?" nikauliza.

Didas akajifanya anakohoa.

"Didas, nimekuuliza!"

"Amesema tangu baba yenu afariki akili zako haziko sawa, mama. Amesema hawa majirani wanakuitikia kwa huruma tu. Ndiyo desturi ya huku, eti mfiwa habishiwi."

Bwana akainuka. Akazunguka meza, akaja mpaka niliposimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, nayaona hadi leo. Akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Pole, mama."

Nami mdomo ukanitangulia, kama tulivyofundishwa tangu utoto, nikaitikia, "Nimeshapoa, Bwana."