Kiraka cha Mzee wa Koti

"Shona vibaya," Mzee wa Koti alimwambia fundi. "Mshono uende kombo. Watu wajue nimeshona mwenyewe."

Fundi alicheka akidhani ni utani. Mzee hakucheka. Alikuwa bingwa wa fikra, vitabu vyake vinasomwa vyuoni, na kila mtu alijua amevaa koti moja miaka ishirini. Fundi peke yake ndiye aliyejua kwamba hili lilikuwa la nne. Kiwiko cha koti, ambacho kilikuwa bado kizima, fundi alikisugua kwa jiwe mpaka kikachakaa, akatia kiraka, na mkono uliowashonea suti mabwana harusi wa mtaa mzima ukapiga mshono wa mlevi. Aliona haya kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani. Lakini mteja ni mteja.

Jumapili gazeti likatoa picha ya kile kiwiko, ukurasa mzima. Binti wa fundi, mwalimu wa shule ya msingi, akaja nalo dukani mbio, gauni lake la kazini begani. Harusi yake ilikuwa imebaki wiki mbili.

"Baba, hebu ona! Mtu mkubwa vile, na anashika sindano mwenyewe!"

"Nimeona, mwanangu."

"Basi lile gauni la harusi usilikate. Nitaolewa nimevaa hili la kazini."

Fundi alikitazama kitambaa cheupe rafuni. Marehemu mkewe alikishika akiwa kitandani, siku zake za mwisho, akasema, "Hiki mshonee siku yake." Ukweli ungeliokoa gauni, ila angejianika yeye mwenyewe mbele ya mtoto aliyemlea kwa kumwambia uongo haujengi nyumba.

"Yule mzee, mwanangu..."

"Amefanyaje?"

"Hamna. Anajua kuvaa."

Binti alicheka, akamwekea gauni la kazini mapajani na gazeti juu ya cherehani. "Hapa kwenye mkono limechanika. Nitilie kiraka kama chake. Vilevile, Baba, usinirembee."

Fundi akatia uzi kwenye sindano, akainama. Mshono ukaenda kombo, ukarudi, ukaruka pale pale uliporuka kwenye koti la mzee. Binti aliangalia mshono, akaangalia picha, akaangalia tena mshono. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Baba," alisema polepole, "mbona picha huitazami?"

Fundi hakuinua kichwa. Sindano ilibaki nusu ndani ya kitambaa, nusu nje.