Kitukuu wa Aliyenunuliwa

Kinanda kilianza, kikarudia, lakini hakuna mwanakwaya aliyefungua kinywa. Mchungaji Sylveri alipiga makofi kuwachochea. Vijana wakamkazia macho tu. Hawangeimba, walisema, maadamu mzee Bagula angali anakaa mbele na wazee wa kanisa.

Wakongo wote wa Beechmont, kusini mwa Louisville, walikijua kisa. Elisée, mwana wa Bagula, alitaka kumwoa Chimène, msichana wa kwaya hiyo hiyo. Bagula akakataa mbele ya washenga: zamani, huko milimani, ukoo wake ulimnunua baba mzaa babu yake Chimène, naye hangeunga undugu na kizazi cha watumwa. Elisée aliinamisha kichwa, akanyamaza. Chimène akakimbilia Columbus, jimbo la Ohio, kwa shangazi yake. Kanisa likabaki linatazamana kwa jicho la pembeni.

Mama Immaculée, kiongozi wa akina mama, alisifika kwa kuzima ugomvi.

"Bon, mama, mlete Chimène," mchungaji alimsihi. "Aseme amesamehe, yaishe."

Aliahidi. Lakini Jumamosi, kabla ya safari ya Columbus, alipitia darasani, alikokuwa akisomea cheti cha sekondari pamoja na watu wazima wenzake. Mwalimu Mwaura, Mkenya aliyekuja kusoma akalowea, alisimulia jinsi kanisa moja kubwa la Marekani lilivyogawanyika zamani kwa sababu ya askofu mwenye watumwa. Wanasiasa nao wakawa wanashona mapatano juu ya mapatano, hadi wakatunga sheria ya kuwalazimisha hata watu wa majimbo yasiyo na utumwa kuwarudisha watumwa watoro. Haikupita miaka ishirini tangu kanisa lile kugawanyika, bunduki zikalia kati ya kaskazini na kusini. Hapa Kentucky, nyumba moja ilitoa askari kwa pande zote mbili.

Immaculée alisisimka. Vita alivijua. "Mwalimu, si wangevumiliana tu?"

"Walivumiliana sana, mama," Mwaura akajibu taratibu. "Lakini waliobebeshwa mzigo wa amani ile hawakuulizwa."

Neno hilo lilimkera njia nzima. Alifungua redio, akaizima. Alipovuka mto Ohio alikumbuka kwamba watoro waliuvuka usiku, huku wakiwindwa.

Alimkuta Chimène akifunga sanduku. Amepata kazi ya kutunza wazee karibu na Buffalo, alisema, huko Cheektowaga, ambako hakuna anayemjua.

"Na wakikujua?"

"Nitahama tena."

"Buffalo ndiyo mwisho wa nchi, mwanangu. Ng'ambo ya mto ni Kanada."

"Basi nitavuka."

Immaculée aliketi kitandani. "Mchungaji amenituma nikuombe usamehe."

"Na mzee Bagula ameombwa nini?"

Vikao vyote vile vya kupatanisha, chai yote ile, na hakuna aliyemwomba Bagula chochote, hata yeye mwenyewe.

"Hebu sahau nilichotumwa," alisema hatimaye. "Wewe unataka nini?"

Chimène aliacha kufunga sanduku. "Nataka kukaa kanisani nilipokuwa nakaa. Anayeona haya kukaa nami, atoke yeye."

"Kanisa litapasuka."

"Najua, mama. Unaogopa?"

"Naogopa sana," Immaculée alisema, akanyanyua sanduku kulipeleka garini.

Asubuhi iliyofuata waliingia pamoja, ibada ikiwa imeanza. Mchungaji alimtazama Immaculée kwa matumaini. Yeye akatikisa kichwa. Akamwongoza Chimène hadi safu ya mbele, hatua chache kutoka kwa Bagula, wakaketi. Mahubiri yalikatika. Nyuma yao viti vilianza kukwaruza sakafu, kimoja, kisha vingi. Immaculée alishika mkono wa msichana, asigeuke kutazama kama watu walikuwa wanaondoka au wanasogea karibu.